Zinki Nzima

Burela, mwezi wa pili. Mvua haina haja ya kunyesha,
inaning'inia tu, kama shuka isiyokauka,
na kila chuma bandarini kinajikuna.

Kazi yangu iko chini ya meli.
Navaa ngozi nyeusi ya mpira, nashika spana,
nafungua vipande vya zinki vilivyochakaa
kando ya usukani na pangaboi,
nafunga vipya. Basi.
Watu hudhani nazamia lulu.

Baba, Evaristo, alikuwa mpaka rangi.
Miaka thelathini na mmoja gudini,
akipaka matumbo ya meli rangi ya risasi,
nyekundu kama chungwa lililopitiliza kuiva.
Kwanza msasa, mpaka chuma king'ae na kuona haya,
kisha mkono wa kwanza, wa pili,
kona, misumari, mishono ya kuchomelea,
maana kutu, alisema, ni mgeni asiyebisha hodi:
hupita tundu la sindano,
na akishaingia, rangi yenyewe humfunika kama blanketi.
Kutu aliishinda mara nyingi.
Risasi ikamshinda yeye.
Sasa kijiko cha supu kikifika mdomoni
nusu imebaki mezani.

Ndiye aliyenifunza habari ya zinki.
"Chuma kina deni," alisema.
"Kilikopwa udongoni, na bahari ndiyo mdai.
Shaba ya pangaboi nayo inachochea fitina.
Hapo lazima mmoja aliwe.
Mpe zinki. Zinki ni mwepesi wa kutoa,
huyeyuka kidogo kidogo, mwenzake akasalimika."
Mama alikuwa akimenya viazi.
Hakuinua kichwa.

Kila jioni, swali lile lile:
"Zimeliwa?"
"Zimeliwa, Baba."
"Vizuri."

Jumanne nilishuka chini ya Nova Carballeira,
meli ya jodari, mwenyewe Brais wa kule kilimani,
kainunua mwaka jana kwa mkopo na machozi ya mkewe.
Tochi ikagusa zinki ya kwanza.
Nzima! Kingo kali, namba ya kiwandani inasomeka.
Ya pili, nzima. Ya tatu.
Kwa pumzi mbili nilifurahi kama mjinga.

Halafu nikapapasa bamba la nyuma yake.
Vishimo. Vidogo, vingi, kama uso uliopona ndui,
na kimoja kikameza ncha ya kidole changu chote.
Nikakwangua zinki kwa kisu:
chini ya ukucha wa kisu, rangi ya buluu.
Alizipaka. Zote. Buluu nzuri, mikono mitatu.
Aliziziba midomo zisiliwe,
na bahari, kwa njaa yake, ikapita kwa jirani.

Gatini Brais alinisikiliza, kofia mkononi.
"Lakini nilipaka ili zidumu," akasema.
Sikuwa na la kumjibu.
Maji yalikuwa yakinitiririka puani.

"Zimeliwa?"
"Hapana. Nzima kabisa."
Baba akaweka kijiko chini.
"Shimo kubwa kiasi gani?"
Nikamwonyesha kidole.
"Maskini," akasema,
na sikujua anamhurumia nani.

Mama akaja kumfuta kidevu.
Miaka tisa anamwinua, anamwogesha, anamfunga vifungo,
na Jumapili, baada ya misa, wanawake humwambia:
Dosinda, wewe hubadiliki, umri unakukwepa.
Hupaka midomo rangi ya waridi hata akienda kutupa takataka.

"Mama, u hali gani?"
"Mzima," akajibu, kama siku zote,
akiwa amenipa mgongo, anasuuza bakuli.

Nikalipokea bakuli lile.
Pete yake ya ndoa ilikuwa imefungwa uzi kwa ndani
isianguke.

Sikusema kitu. Nilitundika koti,
nikakunja mikono ya shati,
nikamuuliza maji ya kumwogeshea Baba
huyapenda ya moto kiasi gani.